Kidonge cha Ijumaa

Msimu wa korosho ulimkuta Sabra amechoka. Mwanawe Nuru alikuwa bado ananyonya. Mumewe alikuwa kwenye kazi ya ujenzi mjini Mtwara. Nyumbani kijijini, karibu na Nanyamba, alibaki na mtoto na mkwewe, Bi Mwanahawa.

Bi Mwanahawa alijikwaa kizingitini tu, mkono ukavunjika. Daktari alisema mifupa yake imedhoofika. Akianguka tena akavunjika nyonga, huenda asitembee. Alimpa kidonge cha kuimarisha mifupa, kimoja kwa wiki, na vidonge vya kalsiamu vya kila siku. Alielezwa jinsi ya kuvimeza. Akaitikia ndiyo, ndiyo, ili arudi nyumbani.

Hata plasta ilipofunguliwa, hakuthubutu kumshika mjukuu. Basi Sabra alimbeba Nuru mgongoni kutwa nzima. Alitwanga naye, alipika naye, aliokota korosho naye.

Kila Jumatatu asubuhi Bi Mwanahawa alimeza kidonge cha wiki pamoja na cha kalsiamu, kwa uji wa muhogo. Kisha walikwenda shambani. Korosho huokotwa chini. Aliinama chini ya mkorosho huu, akahamia ule. Jua halijapanda, kifua chake kikawa kinawaka. Akasingizia moshi wa jikoni. Baadaye hata kumeza mate kukawa shida. Akaacha dawa kimyakimya.

Sabra alikuta kidonge chini ya mkeka alipokuwa anafagia. Akaketi palepale na ufagio wake. Hakuwa na nguvu ya kugombana.

"Mama, umeacha dawa?"

"Inanichoma, mkamwana. Bora nivunjike kuliko kuungua ndani."

"Ukivunjika nani atakubeba? Mgongo wangu ni mmoja, na una mtu tayari."

Jioni Sabra alimwita jirani yao Doris, muuguzi wa zahanati. Doris hakumlaumu mtu. Aliuliza tu kidonge kinamezwaje, akasikiliza mpaka mwisho.

"Bibi, uji na kalsiamu vinakizuia kidonge kisifanye kazi," alisema. "Na ukiinama, kinarudi juu, kinakaa kooni na kuchoma. Usimeze kingine kwanza. Maumivu ya kumeza si ya kuvumilia. Kesho twende kwa daktari."

Walikwenda. Daktari alimpima, akamwambia aache kidonge hicho mpaka kifua kipone, ndipo aanze tena. Safari hii Doris alirudia maelezo polepole. Kidonge cha wiki humezwa asubuhi, kabla ya kula chochote. Humezwa kizima, kwa bilauri nzima ya maji matupu. Si kwa chai, wala maziwa, wala uji. Halafu mtu akae wima au asimame kwa nusu saa, asilale wala asiiname. Ndipo ale. Kalsiamu ingoje chakula cha mchana.

"Nusu saa nimekaa kama mgeni?" Bi Mwanahawa aliuliza. "Korosho zitajiokota?"

Sabra alifikiri. Ijumaa asubuhi hawaendi shambani. Baada ya sala ya alfajiri mkwewe huketi na tasbihi yake, akivuta uradi.

"Mama, kimeze Ijumaa, ukishaswali. Kisha uvute uradi wako kama kawaida."

"Vizuri," alisema Doris. "Ila ukae kwenye kiti, bibi. Mkekani utajilaza."

"Sasa Mkristo ananipangia uradi," alisema Bi Mwanahawa. Wakacheka wote, hata Sabra.

Msimu ukaisha, mvua zikaja. Kifua hakikuwaka tena. Bi Mwanahawa hakuacha tena dawa, na kila alipoitwa kliniki alikwenda.

Ijumaa moja Sabra alisimama mlangoni na Nuru begani. Mtoto alikuwa anaota meno, na mama yake hakupata usingizi. Bi Mwanahawa alikuwa wima kwenye kiti, tasbihi mkononi. Bilauri tupu ilikuwa kando yake.

"Mlete mjukuu wangu," alisema.

Sabra alisita. Aliutazama ule mkono.

"Nimekaa, siendi popote. Mlete."

Sabra alimweka Nuru mapajani kwa bibi yake. Mtoto akaikamata tasbihi, akaitia mdomoni. Ule mkono uliovunjika ukamzunguka, ukamshika vizuri.

"Aliyekatazwa kulala ni mimi," alisema Bi Mwanahawa. "Wewe nenda kalale."

Sabra akaenda. Alilala mpaka jua likapita juu ya mikorosho, na hakuna aliyemwamsha.