Tkemali ya Pilipili ya Lela

Plamu za kijani zinapojaa mitini, kijiji chetu kizima hunukia tkemali. Hiyo ndiyo sosi yetu ya mezani, ya plamu chachu. Tunailia nyama, tunailia viazi na maharage, na wengine huilamba kwa kijiko wakidhani hawaonekani. Kila nyumba hupika yake. Kila mama huamini kwamba ya jirani ni maji ya kuoshea vyombo.

Kwa Mzee Otari mpishi alikuwa mkewe, Guguli. Kisha mtoto wao wa kiume akaoa Lela, binti wa mkoa wa Samegrelo. Watu wa Samegrelo chakula kisicho na pilipili hukiita chakula cha wagonjwa. Lela alivumilia, mwisho akaomba apike chupa chache kwa namna ya kwao. Alitwanga pilipili nyekundu na vitunguu saumu, vyote vibichi, akavichanganya na sosi iliyokwisha kupoa, akajaza chupa. Otari alionja, akatokwa na jasho, akaomba aongezwe.

Kabla zabibu hazijaiva, vifuniko vilianza kuruka kule stoo. Sosi ilitapakaa ukutani. Guguli alishinda akisugua, na alipomaliza alimwita Lela.

"Mwanangu, hizo pilipili zako zimenichafulia nyumba," alisema. "Kuanzia sasa wewe chuma plamu na uzioshe. Sufuria niachie mwenyewe."

Kwetu, mke asiyekabidhiwa sufuria ya tkemali bado ni mgeni katika nyumba ile. Lela aliumia sana. Ila hakununa, na hapo ndipo nilipompenda. Miplamu ilipozaa tena, alikwenda kwa jirani yao Dodo, aliyefanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha jamu na sosi. Alimwambia, "Mama Dodo, nilikosea wapi? Usinionee haya."

Dodo alikuja naye hadi jikoni kwa Guguli, akamtaka aeleze alivyofanya. Lela alieleza yote. Alisema kwao pilipili ya kutwanga huwekwa mbichi, na hukaa mwaka mzima bila kuharibika.

"Hiyo ya kwenu ina chumvi tele," Dodo alisema. "Chumvi ndiyo inayoilinda. Ukiitia mbichi kwenye sosi, chumvi inazidiwa. Vijidudu vilivyomo kwenye pilipili na saumu vinaendelea kula na kutoa hewa. Hewa ikijaa, kifuniko kinaruka."

"Si nilisema ni pilipili," Guguli alidakia.

"Si pilipili, shoga yangu. Ni ubichi wake. Na wewe unajaza chupa sosi ikiwa baridi, tena chupa umezifuta kwa kitambaa cha jikoni. Zako hazichachi?"

Guguli alikoroga sufuria kwanza. "Huchacha," alisema. "Huwa nawapa nguruwe."

Lela aliinamia plamu zake kuficha kicheko. Nguruwe wa Guguli walikuwa wanene kweli.

Siku hiyo walipika watatu. Walichemsha plamu zikalainika, wakazichuja, wakairudisha sosi motoni. Safari hii chumvi, saumu, giligilani, mnanaa wa mwituni na pilipili viliingia sufuria ikiwa bado motoni, vikachemka pamoja kwa dakika kadhaa. Chupa zilioshwa kwa sabuni, zikachemshwa, zikainamishwa zikauke zenyewe bila kufutwa. Sosi ilimiminwa ikiwa moto, ndani ya chupa zenye moto, na vifuniko vipya vilivyochemshwa vikakazwa papo hapo. Lela alivaa glavu alipokata pilipili. Guguli alizikataa glavu, akajipangusa jicho, akaenda kuzivaa.

Dodo aliwaonya jambo moja zaidi. Chupa ikifura kifuniko au ikitoa harufu mbaya imwagwe, wala mtu asionje kuhakikisha. Na ikishafunguliwa, ikae kwenye friji.

"Sasa pilipili nitie kiasi gani, mama?" Lela alikuwa ameuliza kabla sosi haijachemka.

"Kidogo tu," Guguli alijibu, akageuka kutafuta kijiko. Lela alitia za kutosha.

Baridi ilikuja, theluji ikaanguka, na hakuna kifuniko kilichoruka. Mwaka Mpya nyumba ilijaa wageni. Nyama ya kuokwa iliisha, watu wakabaki wanapangusa sosi kwa mkate. Mzee Valiko, aliyekuwa akiongoza meza na kutoa salamu za kunywa, alisimama na glasi yake. Macho yalimtoka machozi kwa pilipili. Alitaka Guguli aitwe, ili wote wanywe kwa heshima ya mkono uliopika tkemali ile.

Guguli alitokea mlangoni, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akarudi jikoni. Wageni walitazamana. Aliporudi alikuwa anamvuta Lela, aproni bado imelowa. Aliushika mkono wa mkamwana wake, akauinua juu watu wote wauone.

"Mkono ni huu," alisema. "Mimi nilikuwa nakoroga tu."

Meza nzima ikasimama.