Amplifaya ya Gari la Matangazo

Hii ilimkuta rafiki yangu Masele, fundi redio wa Bariadi, mchana kweupe. Rodgers alimletea amplifaya ya gari lake la matangazo. Iliungua jana kule Dutwa akitangaza msiba wa bibi yake, Milembe, na leo yeye na ndugu zake walikuwa wametoka kumzika.

Masele akaifungua mezani, akakuta waya umefungwa palipotakiwa fyuzi. Hasira zikampanda.

"Umeiua mwenyewe! Unadhani fyuzi ni pambo?"

"Usinifokee, nimetoka makaburini!"

"Basi nyamaza!"

Nje, kwenye spika za gari la Rodgers ambazo nyaya zake zilining'inia bila kuunganishwa popote, ikasikika sauti kama ya mchanga unaomwagika. Kisha mwanamke mzee akakohoa.

"Rodgers, mjukuu wangu, mbona mmenifukia?"