Dirisha la Mama Madeleine

Mwezi wa saba, hapa Lubumbashi, baridi haina huruma. Nyumbani kwa Edouard, kule kwenye mtaa wetu unaoitwa Kenya, ilipitia dirishani. Mastiki ya kushika vioo ilikuwa imekauka na kudondoka. Upepo ulipiga kitanda cha mama yake, Mama Madeleine. Alilala hapo na mjukuu wake, Syntiche. Mtoto alikuwa anakohoa wiki ya pili.

"Mwanangu, hii baridi itatumaliza," mama alisema.

Edouard ni mtu wa haraka. Jumamosi asubuhi alijaza vitambaa kila penye upenyo. Akaziba hata matundu ya hewa juu ya dirisha. Kisha akaingiza chumbani mbabula, jiko la makala, mkaa uliokwisha kuwaka.

Kapinga, mke wake, akasita. "Baba Syntiche, haiko mubaya?"

"Mubaya ya nini? Makala yote inashika moto. Haiko tena na moshi!"

Jamani, nani kati yetu hajasema hivyo? Mimi pia nilisema, miaka mingi.

Edouard akaenda kazini, Kapinga akaenda kuchota maji. Foleni ilikuwa ndefu. Aliporudi, aliita, hakujibiwa. Bibi alikuwa ameegemea ukuta. Syntiche alikuwa amelegea mapajani mwake. Kapinga alimtoa nje akipiga kelele, majirani wakamkimbiza hospitali. Mtoto alitapika, akalia, akapona. Mama Madeleine hakuamka.

Baada ya matanga, jirani yao Lucien, fundi wa vioo, alikuja na kopo la mastiki. Alimkuta Edouard ameketi mbele ya dirisha.

"Yaya Lucien, kaka yangu, ni mimi nilimuua mama."

"Ulitaka apate joto," Lucien alisema. "Lakini unisikilize, sababu mutoto angali iko. Moshi unakukohoza, unakimbia. Sumu ya makala haionekani, hainuki. Inakulaza tu. Makala nyekundu nayo inaitoa."

"Sasa baridi tufanye nini?"

"Baridi tunaifungia njia kwenye kioo. Matundu ya hewa tunayaacha wazi. Mbabula inabaki inje, siku zote."

Edouard akatoa vitambaa, kimoja kimoja, akilia. Walikwangua mastiki ya zamani kwa kisu. Walisugua kutu, wakafuta vumbi, wakaacha chuma kikauke. Lucien alikanda mastiki mpya mpaka ikalainika. Edouard akaikandamiza kuzunguka kioo kwa kidole gumba. Wakailaza mshazari kwa kisu, ili maji ya mvua yateremke.

Tangu siku ile upepo haukuingia tena. Syntiche akaacha kukohoa. Kazi yote ilikuwa ya nusu siku tu, na hiyo ndiyo inamuuma Edouard mpaka leo.

Mwaka uliofuata, baridi ikarudi. Asubuhi moja Edouard alimsikia jirani Albertine akimwambia binti yake: "Ingiza tu mbabula, haiko tena na moshi."

Edouard hakubisha hodi. Aliingia, akaibeba mbabula kwa mikono yake, akaitua uani.

"Papa Edouard! Unafanya nini?"

"Mama Albertine," akasema, "kuja kwangu, nikuonyeshe dirisha la mama."