Kijiwe Kilichoponea Kwenye Fuawe

Mtaani walimwita Mama Kokoto. Kila asubuhi alichekecha kokoto za ujenzi chini ya kilima kilicho nyuma ya nyumba yake. Mumewe alikuwa mhunzi. Kwa miaka kumi alimtania, "Wewe unajua mawe gani?" Mama aliendelea kuchekecha, lakini maneno yale yalimuuma.

Siku moja kijiwe kama punje ya mahindi kilibaki kwenye chekeche. Kiling'aa ajabu.

"Baba watoto, hiki si kioo."

"Kilete nikipige nyundo. Almasi ya kweli haivunjiki!"

Mhunzi alikiweka juu ya fuawe, chuma chake cha kufulia vyuma, akainua mkono wenye nyundo.

"Shemeji, weka nyundo chini!" Jirani yao, mpima miamba wa ofisi ya madini, aliwasikia akaingia mbio. "Almasi haikwaruziki ovyo, lakini ukiigonga inapasuka. Ujuaji umewaponza wengi!"

"Almasi itoke wapi hapa?" mhunzi alibisha. "Husemwa hutoka kwenye volkano, na kilima chenyewe hata moshi hakina."

"Zamani sana kilikuwa volkano, tena si ya kawaida. Ilianzia chini mno, zaidi ya kilomita mia moja na hamsini. Huko kuna joto kali na mgandamizo mkubwa. Kaboni, ile iliyomo kwenye makaa yako, ilibanwa kwa muda mrefu mno mpaka ikawa almasi."

"Kwa hiyo volkano ndiyo iliyoipika?" Mama aliuliza.

"Hapana, iliibeba tu. Ilipanda kasi kwenye njia nyembamba. Ingepanda polepole, almasi ingeharibika njiani."

Mhunzi alijikuna kichwa. "Makaa ninayo. Nimekosa subira tu."

Walicheka. Jirani aliomba grisi, akaipaka kwenye ubao, akauinamisha. Mama alimwaga juu yake kokoto, kile kijiwe na maji. Kokoto ziliteleza zote. Kijiwe kikaganda palepale.

"Maji hayashiki kwenye almasi, grisi hushika," jirani alisema. "Ni dalili nzuri. Ila twende ofisini kithibitishwe."

Walikwenda wote watatu. Kilikuwa almasi. Mkuu wa ofisi alimpa Mama mkono na kumwomba awafundishe wachekechaji wengine kuitambua almasi. Mama alirudi kifua mbele, na hakuficha furaha yake.

Siku hizi watu wakimletea mhunzi mawe yanayong'aa, anaificha nyundo nyuma ya mgongo.

"Mimi siyagusi," anasema kwa fahari. "Subirini nimwite mke wangu. Yeye ndiye anayejua mawe."