Daktari wa Chumba cha Juu

Kila siku akirudi kutoka shuleni, Kwanini alikuwa na kazi yake. Alivua sare, akanywa maji, akabeba beseni la shuka zilizofuliwa na kupanda nalo ngazi hadi kwenye paa la zege ili azianike. Nyumba yao ilikuwa na vyumba vya kupangisha wageni, na wageni wa kisiwani, kama mama yake alivyozoea kusema, hupenda vitu viwili: jua la bure na shuka zilizonyooka. Jua lilikuwepo tele. Shuka zilikuwa juu ya Kwanini.

Jina hilo hakupewa na wazazi. Alilipata darasani, kwa mwalimu wa sayansi aliyechoka kumjibu. Kwa nini bahari ina chumvi na mto hauna? Kwa nini kuku ana mabawa na hafiki mbali? "Haya, Kwanini, keti!" mwalimu alisema siku moja, darasa zima likacheka. Tangu hapo hata mama yake alimwita hivyo, hasa akiwa amefurahi.

Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na swali lililomshinda kuliko yote lilikuwa limepanga chumba cha juu.

Mgeni huyo alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu. Alikuja na mabegi mawili tu, moja la nguo na jingine la kompyuta na nyaya zake. Alizungumza Kiswahili kama wao. Alisema alikuwa ametoka kisiwa kingine, na kabla ya hicho kingine tena, na hapa angekaa mpaka jua limchoshe. "Kazi naifanya popote nilipo," alimwambia mama. "Ofisi yangu ni hii kompyuta." Wakamzoea kwa jina la Dada wa Juu.

Kwanini alisikia neno kazi, akasubiri kuiona. Mama yake akifanya kazi, jasho linaonekana. Fundi bomba akifanya kazi, sakafu nzima inalowa. Lakini Dada wa Juu, asubuhi alivaa kofia pana akaenda ufukweni, akaogelea, akalala kivulini na kitabu usoni. Alasiri, watu wa kawaida walipoanza kufunga ofisi zao, ndipo yeye alipoingia chumbani. Alishusha mapazia mazito, akatundika blanketi ukutani, akaziba nafasi chini ya mlango kwa mto wa kulalia. Jua lote lile nje, na yeye ndani gizani kama popo!

"Mama, kwa nini mtu asafiri kutafuta jua, halafu ajifungie?"

"Kila mtu na maisha yake, mwanangu. Hasumbui, hapigi kelele, hachafui shuka. Unataka nini tena?"

Kwanini alitaka kuelewa, lakini mama alikuwa na sufuria jikoni.

Siku moja alikuwa akianika, beseni likiwa karibu na dirisha dogo la chumba cha juu, lile linalotazama paa. Lilikuwa wazi kidogo. Sauti ya Dada wa Juu ikapenya.

"Habari za asubuhi, mama," ilisema.

Kwanini alilitazama jua. Lilikuwa limeshaanza kuinama. Asubuhi gani tena hii?

"Mimi ndiye daktari wako. Kesho nitakupasua nikitoe hicho kijiwe cha figo. Hutasikia maumivu. Kuanzia leo jioni usile chochote."

Kibanio cha nguo kilimponyoka, kikaanguka. Dada wa Juu akageukia lugha nyingine, harakaharaka, kisha akarudi kwenye Kiswahili. "Nimefanya upasuaji huu mara nyingi. Niamini."

Kesho yake ilikuwa sikukuu, shule hakuna, na Kwanini hakuondoa macho kwake. Dada wa Juu hakumpasua mtu. Aliogelea, akarudi na mchanga miguuni, akamtengenezea Kwanini zipu ya begi iliyokuwa imekwama tangu mwanzo wa muhula. Kwanini alishukuru huku kichwa kikimzunguka. Daktari anayeshinda ufukweni?

Mambo yakazidi. Siku ya pili yake sauti ya dirishani ilikuwa kali: "Mimi ni mwalimu wa mwanao. Amekuwa akitoroka shule." Siku iliyofuata ikawa kali zaidi: "Mimi ndiye mwenye nyumba. Usipohama, tutakutana mahakamani."

Mwenye nyumba! Kwanini alikaribia kulidondosha beseni. Mwenye nyumba alikuwa mama yake, na wakati huo huo alikuwa chini akikatakata vitunguu. Hakuelewa lolote tena. Mtu mmoja, mdomo mmoja, na kila siku ana kazi mpya.

Wiki hiyohiyo mwalimu aliwafundisha kuhusu matapeli wa simu. "Leo atakwambia ni daktari, kesho ofisa wa benki," alisema. "Atakuomba umwamini. Atakuharakisha, usipate nafasi ya kufikiri." Kila neno lilimkaa Dada wa Juu sawasawa, kama nguo iliyopimwa na fundi.

Kwa mara ya kwanza maishani hakunyoosha mkono kuuliza. Alisubiri kengele, akamwambia rafiki yake waliyekaa naye dawati moja, ambaye darasa lilimwita Redio, na si kwa sababu alipenda muziki.

"Tapeli? Nyumbani kwenu?" macho yalimtoka Redio.

"Usimwambie mtu. Sina hakika."

"Lisemwalo lipo, na kama halipo laja," Redio alisema, akaondoka mbio kama aliyeitwa.

Kufikia jioni habari zilikuwa zimefika dukani. Mwenye duka alimwuzia Dada wa Juu mkate bila kumtazama usoni, na wanawake waliokuwa wakimsalimia kwa vicheko wakanyamaza alipopita. Aliporudi alimwuliza mama, "Mama, kuna mtu nimemkosea mtaani hapa?"

"Hata! Kwa nini?"

"Basi tu. Labda ni mimi."

Kwanini aliinamia daftari lake. Alimwonea huruma Dada wa Juu, kisha akajikasirikia kwa kumwonea huruma tapeli. Mtu mbaya anatengenezaje zipu ya mtoto wa mwenzake? Alisoma sentensi ile ile mara kadhaa, na haikuingia kichwani.

Siku iliyofuata upepo ulikuwa mkali na shuka zilimpigapiga usoni. Hata hivyo alisikia. Safari hii sauti ya Dada wa Juu ilikuwa ya chini na ya haraka.

"Mimi ni daktari. Nisikilize, mama. Mapigo ya moyo wa mtoto yanashuka. Lazima nikupasue sasa hivi nimtoe. Hatuna muda wa kumsubiri mume wako. Nahitaji ukubali."

Anaharakisha! Hataki mume aulizwe! Kwanini aliacha shuka moja imening'inia kwa kibanio kimoja, akashuka ngazi mbilimbili. Chini ya ngazi palikuwa na kisanduku cha umeme chenye swichi tatu: ya chini, ya jikoni na ya juu. Akaizima ile ya juu.

Kwanza kukawa kimya. Akajisikia shujaa, kwa kitambo kifupi sana.

Mlango wa juu ulifunguliwa kwa kishindo. Dada wa Juu akashuka mbio bila viatu, hedifoni ikiwa bado shingoni. "Umeme! Mama, umeme umekatika? Intaneti imezimika! Jamani, nisaidieni!"

"Tulia, mwanangu. Utarudi tu," mama alisema akitoka jikoni.

"Hapana, mama, siwezi kusubiri! Kuna mgonjwa kitandani huko, hajui neno moja la lugha ya daktari wake, na daktari hajui Kiswahili. Mimi ndiye mdomo wao! Wamebaki wanatazamana!"

Mama alikunja uso, akainua macho darini. "Mbona feni huku inazunguka?"

Kwanini aliielewa nusu ya maneno yale, na nusu hiyo ilitosha kumtia hofu. Angeweza kurudi juu kimyakimya na kujifanya anaanika. Mama asingejua. Lakini muda wote alionyamaza, mtu alikuwa amelala mahali fulani bila mdomo.

"Ni mimi," alisema. "Nimezima mimi." Akaruka hadi kwenye kisanduku, akainua swichi.

Dada wa Juu alimtazama mara moja tu, jicho ambalo Kwanini hakulisahau, kisha akapanda ngazi mbio. Mlango ukafungwa.

Mama aliketi kwenye ngazi ya chini kabisa. "Kaa hapa," alisema. "Sema yote."

Kwanini alisema yote: daktari, mwalimu, mwenye nyumba, Redio. Alipofika kwa Redio alianza kulia. Mama hakumpiga wala hakumkaripia. Alisikiliza akiwa ameshika shavu. Wakakaa pale wote wawili, masikio yakiwa juu, vitunguu vikiungua jikoni bila mtu kujali.

Dada wa Juu aliposhuka, macho yalikuwa mekundu. Akaketi ngazi moja juu yao.

"Mgonjwa amekubali kupasuliwa," alisema. "Simu ilipokatika walimpa mkalimani mwingine. Akamkataa, akasema anamsubiri yule binti wa kwanza. Umeme uliporudi tu, wakanipata."

"Mkalimani?" mama aliuliza.

"Ndiyo kazi yangu, mama. Kuna watu wetu wengi nchi za mbali, hawajui lugha ya huko. Wakienda hospitali, shuleni kwa watoto wao au kwa wenye nyumba, napigiwa simu niwasemee. Huku jua likiinama, kwao ndio kumekucha."

Kwanini alifuta pua. "Lakini ulisema 'mimi ni daktari'. Nilikusikia."

"Ndivyo tulivyofunzwa. Daktari akisema 'nitakupasua', nami nasema 'nitakupasua'. Mgonjwa akisema 'naogopa', namwambia daktari 'naogopa'. Nikianza 'amesema hivi, amesema vile', wanaanza kuongea na mimi badala ya kuongea wao. Kwenye simu ile mimi sipo, mdogo wangu. Ipo sauti yangu tu."

"Na mapazia?"

"Ni siri za watu. Blanketi linameza sauti. Nilikuwa naona shuka dirishani, sikufikiria kwamba nyuma ya shuka kuna masikio." Akatabasamu kidogo. "Hilo ni kosa langu, na leo nitaliziba lile dirisha. Na wewe, uliyoyasikia pale yaishie hapahapa."

"Yule mama na mtoto wamepona?"

"Sijui. Mlango wa chumba cha upasuaji ukifungwa, na simu inakatwa. Mara nyingi sijui."

Kwanini aliuficha uso wake magotini. Alikuwa na maswali elfu moja, na lile la mwisho aliloliuliza halikuwa na jibu. "Nisamehe, dada," alisema.

Mama akamgeukia. "Wewe umeniuliza kwa nini bahari ina chumvi. Umeniuliza kwa nini mwezi unatufuata. Swali moja la maana likakujia, ukalimeza! Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kujijibu mwenyewe. Hata mimi sikumwuliza mgeni wangu anafanya kazi gani, lakini sikumtungia."

"Mwalimu alisema matapeli..."

"Mwalimu amesema kweli, na kushuku si dhambi. Ukimshuku mtu, njoo kwa mkubwa wako, tumwulize mbele yake. Usiende kwa Redio, wala usiende kwenye swichi." Mama alisimama, akakung'uta gauni. "Haya. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini sakafu inapigwa deki. Vaa viatu."

Walianzia kwa kina Redio, kisha wote watatu wakaenda dukani. Palikuwa na watu wengi saa hiyo. Kwanini alitamani sakafu impasukie aingie. Akasema kwa sauti ya kusikika kwamba Dada wa Juu si tapeli, kwamba yeye ndiye aliyeanzisha maneno hayo bila kujua, na kwamba Dada ni mkalimani wa wagonjwa. Redio, aliyezoea kusema, alisimama nyuma yake akitazama vidole vya miguu. Mwenye duka alikohoa, akachukua mkate mmoja, akauweka mikononi mwa Kwanini. "Mpelekee," alisema. "Mwambie nilikuwa na haraka jana."

Kesho yake Kwanini alianika shuka upande wa mbali wa paa. Dirisha dogo lilikuwa limezibwa kwa godoro kuukuu, na hakusikia kitu. Alikuwa anamalizia foronya ya mwisho mlango wa juu ulipofunguliwa. Dada wa Juu alitoka, akasimama juani, akafumba macho kama mtu anayeota moto.

"Unajua siwezi kukueleza ya watu," alisema.

"Najua, dada."

"Sijakwambia nani wala wapi. Ila leo nimeitwa mimi hasa, kwamba anatakiwa yule binti wa jana. Na kabla hatujaanza kuongea, nimesikia kilio kidogo, kikali, cha mtu aliyekuja duniani jana tu." Alifungua macho, nayo yalikuwa yamejaa machozi. "Kile sikukitafsiri. Daktari alikielewa, na mama yake alikielewa."

Kwanini alishika kibanio mkononi asijue akifanyie nini. Alitaka kucheka, akajikuta analia.

"Dada," alisema mwishowe, "naweza kukuuliza kitu?"

"Uliza, Kwanini. Uliza mpaka uchoke."