Usiizime Mashine ya Kokugonza

Bisha. Nakupa ruhusa kabisa, bisha mpaka uchoke, halafu njoo Bakoba, mtaa wetu hapa Bukoba mjini, uulize Onesphory fundi kompyuta ni nani. Watakuonyesha kibanda changu kabla hujamaliza kulitaja jina. Shule niliiacha kidato cha pili, ndiyo, na walionicheka wakati ule leo wananiletea laptopu zao wakiwa wamezikumbatia kama watoto wenye homa. Mashine ya kunishinda mimi katika Bukoba hii bado haijatoka kiwandani. Kwa hiyo nikikuambia kwamba Nshamba, kule wilaya ya Muleba, kuna mashine iliyonifanya nishike bisibisi kwa mikono miwili, usiwe na haraka ya kucheka.

Kokugonza alinipigia simu Jumanne asubuhi. Ni mjane, ana stesheneri pale Nshamba. Anachapa barua, ratiba za mazishi na nyimbo za kwaya ya usharika wake, maana yeye ni Mlutheri wa kweli, si wa Krismasi peke yake. Alisema kompyuta yake ya mezani inajizima na kujiwasha yenyewe, haina saa maalumu. Nikamwambia hiyo ni kazi ya dakika ishirini. Akaniuliza kama naweza kuitengeneza bila kuizima.

Nilicheka njia nzima mpaka Muleba.

Duka lenyewe ni chumba cha mbele cha nyumba yao, na mlango wa nyuma unafungukia kwenye migomba. Mashine ilikuwa juu ya meza, na chini ya meza palikuwa na mkeka, na kwenye mkeka alikaa binti yake, Joyness, wa miaka saba, anachora kwa penseli. Mama yake alisema hajaenda shule mwezi mzima, anaanguka anguka. Hospitali wamempima hawakuona kitu, wamesema arudishwe wiki ijayo.

Sasa, wewe unajua na mimi najua: mgeni akiingia kwa Mhaya, hata kabla hajaulizwa kilichomleta, anawekewa kahawa ya kutafuna. Mimi sikuona hata ganda. Nikamtania kwamba siku hizi Nshamba wanakaribisha wageni kwa kuwakodolea macho. Hakutabasamu.

"Kahawa hatuweki tena humu ndani, waitu," alisema kwa sauti ya chini, na ile heshima yetu ya Kihaya. "Na bado harufu yake haitoki."

Alisema kweli. Niliweka kiganja nyuma ya mashine, pale feni inapotolea hewa. Kila kompyuta inayofanya kazi inapumua joto, hilo hata mtoto wa chekechea anajua. Hii ilipumua baridi. Baridi yenye unyevu, kama hewa ya alfajiri pale ziwani, na ndani ya ile baridi kulikuwa na harufu ya kahawa iliyochemshwa na ya dagaa wabichi.

Nikajisemea, vumbi na unyevunyevu. Fundi lazima aanze na jina la kitu.

Nikaanza na umeme wa nje. Nilibadilisha soketi, nikaweka kebo yangu mwenyewe, nikakagua UPS yake ya kushikilia umeme ukikatika, kuukuu lakini betri ilikuwa inashika. Nilikuwa bado nimeinama ukutani skrini ilipojizima. Nikahesabu kama tunavyofanya sisi wenye kazi zetu. Sekunde kumi na mbili, kisha feni ikazunguka, skrini ikawaka. Chini ya meza penseli ilikuwa imebingirika hadi mguuni kwangu, na Kokugonza alikuwa amepiga magoti, amekishika kichwa cha Joyness kwa mikono yote miwili. Nikampa pole. Nilidhani ni kifafa tu. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye skrini.

Kilichobaki kilikuwa ndani: ramu, grisi ya prosesa, pawa saplai. Vyote hivyo huvigusi mashine ikiwa inawaka. Nikaweka kidole kwenye kitufe.

"Fundi," alisema Kokugonza. "Usiizime."

Nikamwambia mama Joyness, kila fundi na staili yake, na yangu ni hii. Nikabonyeza nikashikilia.

Safari hii, kwa bahati tu, nilikuwa nimemtazama mtoto. Alikuwa ameanza kunichekea, pengo la meno ya mbele liko wazi, na feni iliponyamaza kicheko chake nacho kikanyamaza kikiwa bado kiko usoni, macho yakabaki wazi bila mtu ndani yake, mwili ukalala ubavu polepole kama nguo inayoanguka kutoka kwenye kamba, na mimi nikabonyeza kitufe nikiwasha, haikuwaka, nikabonyeza tena, haikuwaka, na mama yake hakupiga kelele, alinitazama tu kama mtu aliyeshakuambia, nikabonyeza mara ya tatu kwa kidole ambacho sikukitambua kuwa ni changu, ndipo feni ikazunguka, na chini ya meza kifua cha mtoto kikavuta hewa kwa mlio kama wa mtu aliyetolewa majini.

Nilikaa sakafuni. Wewe ungekimbia, usijidanganye.

"Mara ya kwanza zilikuwa sekunde tatu," Kokugonza alininong'oneza. "Juzi saba. Leo umehesabu mwenyewe. Inaongezeka, fundi. Siku moja itajizima, na haitawaka kwa wakati."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia kwenye simu. Akaniuliza, kwani ningekuja?

Hapo ndipo mvua ilipoanza kupiga bati. Unaijua mvua ya kwetu, haibishi hodi. Na mvua ikianza, umeme nao unaaga. Taa ya dukani ikazimika, na ile UPS kuukuu ikaanza kulia: pii, kisha kimya, kisha pii. Betri ya aina ile, kwa umri ule, nilijua ina dakika nane, kumi ikikuonea huruma. Kokugonza alimwita jirani dirishani, akamtuma mbio kwa Mwajuma. Huyo ni mama wa makamo anayeuza samaki pale senta, amekaa visiwani miaka mingi, na watu wenye mambo ya ziwani humwendea kimyakimya. Akanishika mkono akaniomba mchungaji asisikie.

Nikaanza kufungua mashine ikiwa inawaka.

Skrubu ya kwanza. Ya pili. Nilipotoa ubavu wa lile boksi nikasikia sauti. Nimesikia feni zenye kutu, diski zinazokwaruza, nimeshasikia mpaka panya. Hii ilikuwa kitu kingine: kr, kr, kr, taratibu, mtu ametulia anatafuna kahawa, anavunja ganda kwa meno ya nyuma, hana haraka na siku yake.

"Baba mdogo anatafuna," alisema Joyness kutoka chini ya meza, kama mtu anayekutajia saa.

Nikamtazama mama yake.

"Hana baba mdogo," alisema. "Rutashobya alizaliwa peke yake."

Rutashobya ndiye alikuwa mumewe. Maneno yakaanza kumtoka haraka, UPS ikiyakatakata. Mume alikuwa ananunua samaki visiwani. Huko alizoeana na mtu mmoja mtanashati ambaye hakuna mvuvi aliyejua kambi yake. Yule mtu akamtaka wafanye omukago, ule undugu wa damu wa wazee: tunda moja la kahawa linapasuliwa, zinatoka punje mbili, kila mmoja anapaka punje yake damu ya tumbo lake, kisha wanabadilishana na kutafuna. Tangu hapo ni ndugu kuliko wa tumbo moja. Nyumba yako ni yake, watoto wako ni wake. Yule mtu alishapaka yake, akaifunga kwenye jani pamoja na ile ya pili ambayo bado safi, akampa Rutashobya. Rutashobya akaona kwamba ule mkono ulioshika jani hauna kucha. Akaogopa kutafuna na akaogopa kutupa. Akarudi nyumbani na lile jani, mwezi huohuo akamnunulia mkewe hii kompyuta, na baada ya wiki mbili mtumbwi wake ukapinduka, ziwa likiwa limetulia. Mahali alipolificha lile jani hakuwahi kusema.

Pii, pii, pii. Ilikuwa inalia bila kupumzika sasa.

Nikapeleka mkono ndani, nyuma ya pawa saplai, mahali ambapo umeme ukikugusa utasimuliwa kwenye zile ratiba za mazishi anazochapa Kokugonza mwenyewe, na kadiri nilivyosogeza vidole ndivyo ile baridi ilivyopanda hadi kiwikoni, na kr, kr ikawa karibu, ikawa pembeni ya sikio langu kabisa, nikahisi na pumzi yake, kahawa na dagaa, na Joyness ameanza kuimba polepole wimbo usio na maneno, na mama yake anasali Kihaya kwa midomo tu, na vidole vyangu vikagusa kitu laini kikavu, jani la mgomba limefungwa kwa kamba yake, nikalivuta, nikalitoa, nikalifungua juu ya kiganja.

Ndani kulikuwa na punje moja ya kahawa.

Kule kutafuna kukakoma. UPS ikatoa mlio mmoja mrefu, ikafa. Skrini ikawa nyeusi, feni ikasimama, na mimi na Kokugonza tukageuka kumtazama mtoto, hakuna aliyethubutu kuvuta pumzi.

Joyness alijikuna mguu. Akasema ana njaa.

Mwajuma alifika amelowa, akatukuta tumekaa sakafuni sote watatu kama waliopigwa na radi. Alifukiza ubani kila kona, akanyunyiza maji ya ziwa mlangoni, akasoma dua zake. Mwisho akaitaka ile punje, akaigeuzageuza mwangani.

"Hii ni safi, haina damu," alisema. "Punje mwenzake iko wapi?"

Nikamwambia ilikuwa peke yake.

"Tunda lina punje mbili, mwanangu. Ile ya pili ikiwa imetafunwa, basi yule wa ziwani ameshajibiwa, na huyo mimi sina dawa yake. Ataondoka hapa amfuate ndugu yake."

Nikarudia: peke yake. Akanitazama sana. Kisha akaifunga kwenye leso akaenda nayo ziwani.

Mashine ya Kokugonza mpaka leo inafanya kazi, hajaniita tena. Joyness yuko darasa la kwanza, na nasikia anawapiga wavulana. Kokugonza alinipa mkungu wa ndizi ambao niliubeba begani kutoka stendi mpaka Bakoba ili watu waone. Nikisimulia kijiweni huwa naishia hapa, na watu wananinunulia soda.

Ila wewe umekaa mpaka mwisho, na mimi hii inayofuata nimeshaichapa na kuifuta mara tatu.

Zilikuwa mbili. Moja safi, nyingine nyeusi, nikadhani imekaushwa vizuri tu. Sikutaka Kokugonza aone kwamba nimeogopa, nikataka kufanya kama mtu asiyejali, na Mhaya akishafungua jani la kahawa, mkono unajua njia wenyewe. Nikaitupia mdomoni. Ilikuwa na chumvi. Kule kutafuna hakukukoma, ndugu yangu. Ni kwamba aliyekuwa anatafuna sasa ni mimi.

Na Mwajuma nilimdanganya kwa sababu Violeth, mke wangu, ana mimba, sasa ya miezi saba, na nilidhani kitu kisiposemwa hakitajua njia ya kuja.

Wiki iliyopita nesi wa kliniki aliweka kile chombo chake tumboni kwa Violeth, akatega sikio, akakisogeza, akatega tena. Nilihesabu. Sekunde tatu. Kisha mapigo yakarudi, akacheka, akasema mtoto alijigeuza tu. Nilirudi kibandani nikakuta kompyuta yangu imejizima na kujiwasha yenyewe. Saa ile ile.

Sijaizima tangu siku hiyo. Nimeifunga kwenye UPS tatu, nalala hapa hapa pembeni yake. Nimeifungua yote ikiwa inawaka, nimepitisha vidole kila mahali, na ndani yake hakuna jani wala kamba, hakuna kitu cha kutoa. Jana imejizima yenyewe tena, sekunde saba.

Violeth anauliza kwa nini siku hizi nanukia kahawa. Na huko ziwani, tangu saa nane, mawingu yanajikusanya.