Jina la Hilke kwenye Kalenda ya Chooni

Jumamosi ile asubuhi, maegesho ya baiskeli chini ya stesheni ya treni mjini Groningen yalikuwa yamejaa hadi kwenye njia za kupitia. Hilke alikuwa ameinama katikati ya msongamano huo, anavuta baiskeli yake kwa mikono miwili, nayo haitoki. Usukani wake ulikuwa umenasa kwenye usukani wa jirani kama pembe za mafahali wawili. Alivaa koti la mvua la rangi ya haradali, na nywele zake fupi zilikuwa bado mbichi, kwa sababu alitoka bwawani, alikokuwa akifundisha watoto kuogelea.

Mwenye baiskeli ya pili akatokea. Alikuwa mwanamume mrefu, mwembamba, mwenye sweta la buluu lililofumwa kwa mkono na viatu vyenye tope la mfereji. Jina lake Wiebren. Aliajiriwa ofisi ya maji, kazi yake kusoma vipimo na kujua mapema maji yatapanda lini, ili pampu ziwashwe kabla watu hawajalowa miguu.

"Dada, hiyo unayoipiga teke ni yangu," alisema.

"Basi ifundishe adabu. Imeng'ang'ania yangu tangu nimefika."

"Ina jicho zuri la kuchagua."

Hilke akainuka amtazame huyu mwenye maneno. Walihangaika pamoja hadi baiskeli zikaachana, halafu hakuna aliyepanda yake. Wakazisukuma tu, wakaongea, mpaka kwenye mgahawa ulio karibu na soko la samaki, na huko kahawa ya kwanza ikaita ya pili.

Kufika majira ya baridi walikuwa wanapigiana simu kila jioni, hata kama hapakuwa na la kusema zaidi ya nani amekula nini. Miisho ya wiki Hilke alilala kwa Wiebren, kwenye kijumba chake chembamba kando ya mfereji.

Jumapili moja Wiebren alimkuta Hilke amelala kwenye vigae vya bafuni, amejikunja, magoti kifuani, uso mweupe kama unga. Akashika simu amwite daktari, akidhani ni kidole tumbo.

"Weka simu," Hilke akamwambia. "Ni hedhi."

"Hedhi ndiyo inakulaza chini hivi?"

"Siku ya kwanza, ndiyo. Mara nyingine inanikuta kazini, nafundisha mpaka jioni na hakuna anayejua."

Wiebren alikuwa amelelewa na baba na kaka watatu. Alichokijua juu ya jambo hili ni tangazo la televisheni, lile la maji ya buluu yanayomiminwa juu ya pedi. Akaketi sakafuni karibu naye, akauliza, na Hilke akamweleza taratibu. Alimwambia kwamba tumbo la uzazi linajikamua ili liachie utando wake, na kwa wengine linajikamua kwa nguvu kupita kiasi. Daktari alishampima, hakuona ugonjwa, akampa dawa za maumivu. Siku zinazotangulia damu, matiti yanauma, usingizi unakatika, machozi yanakuwa karibu. Damu ikikoma anajisikia mwepesi, anaweza kuendesha baiskeli dhidi ya upepo mpaka baharini na kurudi.

Mwezi uliofuata Wiebren alikuwa tayari. Alijaza maji ya moto kwenye chupa ya mpira, akaifunga kwa taulo. Akaenda dukani mwenyewe kununua pedi, na huko akapiga simu.

"Mpenzi, kuna zenye mabawa na zisizo na mabawa."

"Zenye mabawa."

"Zinaruka mpaka wapi?"

"Wiebren, chukua uje."

"Kuna mama mmoja hapa ananiangalia. Anasema nichukue na chokoleti."

"Msikilize huyo mama."

Hilke alizima simu akicheka, huku ameshika tumbo. Hakuwahi kuwa na mwanamume aliyekwenda kununua pedi bila kuzificha chini ya mkate. Ndipo alipoanza kuwaza kuhamia kwa Wiebren. Halikuwa jambo dogo. Chumba chake cha kupanga, juu ya duka la maua, alikipata baada ya miaka ya kungoja, na katika mji ule ukikiachia chumba hukipati tena. Alishaiandika barua ya kumwarifu mwenye nyumba. Ilibaki kuipeleka tu.

Ikafika siku ya kuzaliwa ya Wiebren. Viti vilipangwa duara sebuleni, wageni wakaingia na upepo wa mvua, na kila mmoja akampongeza kila mmoja kama ilivyo ada ya huko: hongera ya mwanao, hongera ya mpwa wako, hongera ya mchumba. Hilke alivaa gauni la kijani lenye vifungo mpaka kooni na hereni za fedha. Kahawa ikamiminwa, kila mtu kipande kimoja cha keki ya tufaha.

Shangazi Trijntje, dada wa baba yake Wiebren, alikwenda msalani akarudi ana furaha.

"Hilke mwanangu, hongera na wewe. Lakini mbona unazaliwa kila mwezi?"

Watu wakacheka, kisha kicheko kikafifia. Kalenda ya siku za kuzaliwa ilitundikwa chooni mbele ya macho, kama nyumbani kwa kila mtu pale, ili anayeketi asome na asimsahau jamaa yake. Na kumbe kila mwezi, kwa penseli, Wiebren alikuwa ameandika "Hilke", na kando yake tone dogo.

Shangazi alielewa mwenyewe, akawa mwekundu hadi shingoni. Lakini binamu mmoja alishatia neno: afadhali wajue, wasije siku hizo.

Hilke akaweka sahani yake chini, akaenda jikoni. Wiebren akamfuata.

"Umeniandika chooni," Hilke alisema, sauti ya chini.

"Kwa penseli. Tarehe zote nisizotaka kusahau naziandika pale. Nilitaka chupa iwe ya moto kabla hujaniita."

"Ukoo wako mzima umeketi pale ukanisoma."

Hapo ndipo Wiebren angesema samahani, na mambo yangekwisha. Badala yake alikumbuka tarehe, akalainisha sauti kama mtu anayembembeleza mtoto.

"Mpenzi, inakaribia. Wiki hii kila kitu kitakuuma zaidi. Tuzungumze ikishapita."

Hilke akamgeukia.

"Nimekasirika kwa sababu umenikosea. Ungenikosea wiki ijayo, ningekasirika wiki ijayo."

Akachukua koti lake, akazunguka duara lote akimpa kila mgeni mkono wa kwaheri, hata yule binamu, akatoka. Ile barua hakuipeleka.

Wiebren alipiga simu, haikupokewa. Akapiga tena siku iliyofuata. Nyumba yenyewe ilimchosha. Alikuwa akiweka vikombe viwili kisha akirudisha kimoja kabatini. Hilke naye alikuwa juu ya duka la maua, anaitazama simu inavyotetemeka mezani, anampenda na hataki kuipokea. Mwisho akapokea.

"Nimefuta," Wiebren akasema.

"Nilijua utafuta. Silo hilo."

"Najua. Kazini naangalia kipimo, siyaulizi maji. Nawe nikakufanya vivyo hivyo. Niliiangalia tarehe nikaacha kukusikia. Haki ilikuwa yako, na ingekuwa yako siku yoyote. Nisamehe."

Hilke akauliza habari za wale wageni. Wiebren akasema amewapigia wote, mmoja mmoja, akawaambia kosa ni lake, na maneno ya binamu yasirudiwe tena nyumbani kwake. Shangazi Trijntje ndiye aliyemkawiza. Alimsimulia maumivu yake ya ujana, ambayo marehemu mumewe hakuwahi kuyauliza, na simulizi ikaenda mpaka chai ikapoa mara mbili.

Hilke akacheka bila kutaka.

"Sasa ukitaka kujua nikoje, utafanyaje?"

"Nitakuuliza."

"Nikisema niache?"

"Nitakuacha. Nitakuwa chumba cha pili, ukiniita nasikia."

"Na nikikasirika?"

"Nitauliza nimefanya nini."

"Kujua si kosa, Wiebren. Kosa ni kunijua kuliko ninavyojijua. Siku zangu nitakuambia mwenyewe."

Hakuahidi zaidi ya hapo. Alirudi kwa Wiebren taratibu, kwanza kwa kahawa, kisha kwa chakula cha jioni. Siku moja alimfokea kwa kuchelewa, akangoja asikie atajibu nini. Wiebren akasema amechelewa kweli, akaomba radhi, basi. Asubuhi yake Hilke alipita kwa mwenye nyumba na ile barua.

Alihama siku ya mvua, maboksi yamerundikwa kwenye baiskeli ya mizigo ya kuazima. Wiebren alilivuta kabati la nguo la Hilke mpaka ukumbini, akaliacha hapo, akajipangusa jasho. Hilke alikuwa ameegemea ukuta, mkono tumboni.

"Kabati limekaa vibaya. Hii mara ya pili nasema."

Wiebren akauona ule mkono tumboni. Kisha akauliza, "Unaumwa?"

"Naumwa. Na kabati bado limekaa vibaya."

Wiebren akaujaribu mlango wa chumba. Ulifunguka nusu, ukagonga kabati.

"Kweli limekaa vibaya," alisema. "Keti basi, nilisogeze."

Hilke akaketi juu ya boksi la vitabu, akanyoosha kidole: kushoto, kushoto tena, bado kidogo, hapo.